Hadithi ya Bayi na Mahali Inapokatwa

Huku kwetu Dirma, na katika nchi ya Mbulu na Hanang, hadithi ya Filbert Bayi husimuliwa mara nyingi, nasi walimu tu miongoni mwa wasimuliaji. Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, wakati Karatu ilipokuwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu. Kwa hiyo twamhesabu kuwa wa kwetu. Leo nataka kuipima hadithi yenyewe, jinsi isimuliwavyo magazetini na darasani, maana naona ina kasoro moja kubwa: hukatwa mahali pasipo mwisho wake.

Wasimuliaji hukimbilia Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Huko Bayi alitangulia tangu mzunguko wa kwanza, akamaliza mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, John Walker, mwenyeji wa nchi ile, akamfuata kwa karibu asimpate. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, iliyosimama tangu 1967, ikavunjika. Mwaka 1975, mjini Kingston, Jamaika, akaivunja na ile ya maili. Hapo msimuliaji hunyamaza, na watoto hupiga makofi. Sikatai kwamba ni habari tamu, sichoki kuisikia.

Lakini na tuhesabu miaka. Siku ile ya Christchurch Bayi alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Hadithi ikomayo hapo yamwambia mtoto kwamba mtu akifika kileleni ujanani, yaliyobaki ni kuteremka. Wala si neno dogo vijijini mwetu, ambako kijana aliyeongoza mtihani wa darasa la saba aweza kusifiwa miaka kumi kwa mtihani ule ule, asitokee mtu wa kumwuliza ataka nini sasa.

Yaliyofuata ndiyo ningependa yasimuliwe polepole. Agosti 1975 Walker aliichukua rekodi ya maili. Mwaka 1976 Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, haikushindana Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini. Mwaka 1978, Edmonton, Bayi alishindwa na David Moorcroft wa Uingereza katika mita 1,500. Na mwaka 1979 Sebastian Coe akaichukua rekodi iliyobaki. Basi vile alivyovipata mapema viliondoka kimoja kimoja.

Ndipo alipokwenda Moscow mwaka 1980 kushindana katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Wachache hukumbuka kwamba mbio hizo hizo alizijaribu Munich mwaka 1972, akaachwa katika mchujo. Lengo lake jipya, basi, hakulitafuta pale aliposifiwa, bali pale alipokuwa ameshindwa. Akapata nishani ya fedha, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Wasimuliaji wakilitaja jambo hili hushusha sauti, kana kwamba ni msiba. Walakini nishani hiyo, na ile ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000 za michezo ile ile, ndizo mbili tu ambazo Tanzania ilikuwa nazo katika Olimpiki hata baada ya Paris 2024.

Wala sitaki kumsifu bila kipimo. Moscow alikimbia kama alivyokimbia Christchurch: akatangulia mno mapema, miguu ikamchoka katika mzunguko wa mwisho, Malinowski akampita. Alibadili lengo, hakubadili mwendo. Hapo pana mazungumzo ya darasani yenye faida kuliko makofi yetu yote.

Gidamis Shahanga, mtu wa Hanang, husimuliwa kwa uchache zaidi. Naye alishinda marathoni ya Edmonton mwaka 1978 akiwa na miaka 20. Kisha mwaka 1982, Brisbane, akashinda mita 10,000, mbio za uwanjani zinazotaka kasi nyingine na mazoezi mengine.

Tena Bayi, mbio zilipokwisha, alianzisha shule pamoja na mkewe, mojawapo huko Kibaha. Katika masimulizi niliyoyasikia jambo hili hupewa sentensi moja, kama kiraka. Ningemwomba mwalimu mwenzangu atakayeisimulia hadithi hii muhula ujao aanzie Munich, kijana anapoachwa katika mchujo, kisha awaulize watoto wadhani atafanya nini.