Jina kwa Sauti Yako Mwenyewe

Nimezoea kuhakiki riwaya na tamthilia. Ndiyo shahada yangu ya uzamili. Safari hii nahakiki waraka wa kiufundi, RFC 2421, ulioandikwa na Greg Vaudreuil na Glenn Parsons na kutolewa Septemba 1998. Ni shida binafsi iliyonifikisha kwao.

Waraka unauliza jambo moja: ujumbe wa sauti utokeje kwenye mfumo wa mtengenezaji mmoja uingie kwenye wa mwingine? Enzi hizo ofisi zilikuwa na mitambo ya kurekodi ujumbe mtu asipokuwepo mezani, na mitambo hiyo haikuelewana. Njia mojawapo, AMIS ya analogia, inachekesha: mtambo mmoja unaupigia mwenzake simu, unaicheza rekodi, na mwenzake anairekodi upya. Kila safari sauti inachakaa. Vaudreuil na Parsons walitaka isafiri kama barua pepe, ikiwa imebanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde.

Lugha yao ni kavu, kurasa zinachosha. Lakini kuna kipengele nilichokirudia mara tatu. Pamoja na ujumbe wenyewe, waraka unatenga nafasi ya rekodi nyingine fupi: jina la mtumaji, likitamkwa. Walijua kwamba sauti ikishahama kwao, atakayeisikia huko huenda asiwe na kitu cha kumwambia ni ya nani. Tena, ujumbe ukiwekewa alama ya siri na mfumo unaopokea ukashindwa kuilinda siri hiyo, sharti uurudishe kwa mtumaji. (Hebu fikiria sharti hilo kwenye magrupu yetu ya ukoo.)

Nawalaumu kwa mawili. Nafasi ya jina ipo, lakini mifumo hailazimishwi kuitumia. Halafu wanadhani kila kisanduku kina mwenyewe mmoja, kama ofisini. Nyumbani kwetu simu ilikuwa ya mama, ila yeyote aliyekaa karibu nayo aliongea. Jina kwenye kioo lilikuwa la mwenye simu, siyo la mwenye sauti.

Siku hizi kikwazo siyo ubora wa sauti. Mafaili yanahama vizuri tu kutoka programu moja hadi nyingine, hakuna mkwaruzo. Kinachobaki nyuma ni nani, lini, na akijibu nini. Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2022, inadai programu kubwa za mazungumzo zifungue milango kwa nyingine, na ujumbe wa sauti umetajwa humo. Vizuri, ila ni sheria ya Ulaya, na mimi niko Dar.

Mwaka jana, nikibadilisha simu, nilihamisha ujumbe wote wa sauti kutoka programu moja ya mazungumzo kwenda nyingine. Zilifika rekodi thelathini na moja, zote na tarehe ya siku ile niliyozihamisha, zote zikionyesha kwamba mtumaji ni mimi. Mama alikuwa ameshafariki. Yeye na mama mdogo wana sauti moja. Hata baba alikuwa akiwachanganya kwenye simu. Zile ndefu nimezitambua kwa mambo yanayosemwa. Imebaki moja ya sekunde nne: "Umekula?" Basi. Nani angejitaja jina kabla ya kumuuliza mtoto kama amekula?

Mwezi uliopita nilimpigia mama mdogo, nikaweka spika, nikamchezea. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hata yeye hajui, na kwamba nisiifute.