Mela ya Surajkund na mwezi mpevu wa Kigoma

Februari 2024 Tanzania ilikuwa nchi mshirika wa Mela ya Surajkund, maonyesho ya kazi za mikono, mapishi, muziki na ngoma yanayofanyika kila mwaka kuelekea machipuko huko Faridabad, jimbo la Haryana, jirani na Delhi. Rais wa India, Droupadi Murmu, aliyafungua tarehe 2, yakaendelea hadi tarehe 18. Jimbo lililopewa heshima mwaka huo lilikuwa Gujarat, asili ya familia nyingi za Kihindi zilizofungua maduka Afrika Mashariki.

Mela ilianza 1987, ikapewa hadhi ya kimataifa 2013. Ukiifumua uone ilivyoshonwa, utakuta nyuzi chache. Uwanja ni ule ule na vibanda vya mtindo wa kijijini vipo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo fedha haziishii kwenye maturubai. Kwa kawaida jimbo moja hushika zamu kila mwaka: malango hupambwa kwa mtindo wake, vyakula vyake hutangulia, wachezaji wake hutamba uwanjani. Ipo hata nyumba iitwayo Apna Ghar, ambamo familia kutoka jimbo hilo huishi muda wote wa mela, mgeni akajionea maisha yao ya nyumbani.

Uzi wenye nguvu kuliko yote ni kwamba fundi mwenyewe yuko bandani. Mfinyanzi hukaa na gurudumu lake, mchapa vitambaa na mihuri yake ya mbao. Mnunuzi akishaona kazi iliyoingia kwenye kitambaa kimoja, ulimi wa kuomba apunguziwe bei humwia mzito. Maonyesho mengi ya kwetu humpa banda mchuuzi, fundi akabaki nyumbani.

Kigoma ikitaka mela yake, haikosi cha kuweka mezani: mawese na sabuni yake, mikeka, vikapu, ngoma za Waha, mafundi wanaounda mitumbwi ya mbao ufukweni. Zamu ya majimbo nayo inabebeka. Mathalani mwaka huu Burundi, mwakani Kalemie ya Kongo, mwaka wa tatu Mpulungu ya Zambia. Wote wanafika kwa maji.

Kisichobebeka ni tarehe. Surajkund hungoja baridi ya Delhi ilegee, lakini Ziwa Tanganyika lina kalenda yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, taa hazivuti kitu na wavuvi hupumzika. Sherehe ikiangukia siku za giza, vijana watakuwa majini usiku kucha, na asubuhi kina mama watakuwa wakianika dagaa. Ikiangukia mwezi mpevu, wote wako nchi kavu.

Kiangazi nacho kinafaa, kwa kuwa Juni hadi Agosti mvua ni adimu. Tena ni msimu ambao uvuvi wenyewe huweza kusimama: mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Katika kipindi kama hicho dagaa wabichi wangekosekana, kweli, ila banda la sabuni au la mikeka lingeingiza chochote nyumbani.

Surajkund hujazwa na wanunuzi wa Delhi, mji ambao Kigoma haina mfano wake, hivyo siku 17 ni nyingi mno kuiga. Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji ikitaka kujaribu, ianze na siku nne za mwezi mpevu wa Julai, mabanda machache ya kudumu Ujiji, na sharti moja lisilolegezwa: asiyetengeneza asiuze.