Ndevu Zipi, Bwana?

Waandishi wenzangu, tuna ugonjwa mmoja: kila mwanamume kwenye hadithi zetu ana "ndevu", basi. Ndevu zipi? Kiswahili kina sharubu za juu ya mdomo, sharafa za mashavuni, na mzuzu wa kidevuni ambao vijana wa mjini huuchonga kwa kinyozi. Neno sharubu lina asili ya Kiarabu, kwenye mzizi wa kunywa, ule ule uliotupa sharubati. Ndizo nywele zinazotangulia kuingia kikombeni. (Mtazame mzee na uji wake, utaamini.) Tena tunasema fulani anachezea sharubu za simba. Hebu weka "ndevu" hapo, uone msemo unavyolala.

Sijifanyi mwalimu. Mimi mwenyewe niliandika hadithi ya marehemu babu, mzaa mama, nikampa "ndevu nyeupe". Mama kasoma ukurasa wa kwanza, kanirudishia karatasi. "Mwanangu, huyu nani?" Hapo ndipo nilipokumbuka: mzee alinyoa kidevu kila asubuhi, kioo mkononi, akabakiza sharafa tu. Hadithi nimeianza upya.