Maagano Mawili katika Michoro ya Elimo Njau

Husemwa aghalabu kwamba mchoro mwema wa dini hupatanisha mambo yanayopingana: nuru na giza, mauti na uhai. Kauli hiyo yahitaji tahadhari, kwani kupatanisha si kunyamazisha. Michoro mitano ya ukutani ya Elimo Njau, katika kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote huko Murang'a, Kenya, yatupa nafasi ya kulipima jambo hili.

Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusoma sanaa Makerere, aliimaliza kazi hiyo mwaka 1959, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Fort Hall. Kanisa lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakikuyu Wakristo waliouawa na Mau Mau. Mwaka huo huo, tarehe 3 Machi, wafungwa 11 walipigwa hata wakafa katika kambi ya Hola. Kwa hiyo kuta alizopewa mchoraji zilikuwa zimekwisha kuchagua wafu wa kuombolezwa.

Michoro yaonyesha Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Kristo ni mtu mweusi, na nchi imzungukayo ni ya Wakikuyu. Wengi huridhika kusema kwamba Injili imevikwa vazi la Kiafrika. Naona kuna zaidi ya vazi.

Tuitazame Karamu. Miongoni mwa waliokikataa kiapo cha Mau Mau walikuwako waliosema kwamba wamekwisha kuinywa damu ya Kristo, wala hawawezi kunywa nyingine. Kwao, agano lilipingana na agano. Maana kiapo nacho kiliwafunga watu kwa kula na kunywa, kwa ajili ya ardhi. Njau aliiandaa Karamu juu ya ardhi ile ile iliyogombewa. Gethsemane nayo ni habari ya mtu asaliye usiku penye miti, naye yu karibu kukamatwa na askari. Katika nchi ambayo misitu yake ilikuwa imewaficha wapiganaji, habari hiyo haikuweza kuwa ya upande mmoja.

Yuko awezaye kujibu kwamba mchoro wa kanisa hauwezi kuwasemea waliopigana na watu wa kanisa. Hoja hiyo ina uzito. Walakini, kanisa humpa mchoraji habari ya kuchora; haliwezi kumfunga mtazamaji asiitambue nchi yake, wala sura yake, ndani ya habari hiyo.

Huo ndio usawa wa michoro hii. Haisemi kwamba muuaji na aliyeuawa ni hali moja, wala haiwanyang'anyi mashahidi heshima yao. Yamweka aliyesulubiwa mahali ambapo mjane wa shahidi na mjane wa mfungwa waweza wote wawili kumlilia, bila mmoja kuambiwa kwamba msiba wake si msiba.