Kusaka namba tasa: laptopu yako bado ina kazi?

Tangu 1996, mradi wa GIMPS huwaomba watu wa kawaida waazime kompyuta zao zinapokaa bure, zisake namba tasa kubwa. Haba na haba. Lakini ile ya Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320, Luke Durant aliipata kwa maelfu ya kadi za grafiki yaliyotawanywa katika nchi 17. Sasa wewe na laptopu yako mtaambulia nini? Kama unataka rekodi, sahau. Wala usidanganywe kuwa tasa hizi zinalinda pesa zako za simu. Usimbaji hutumia ndogo mno. Kazi iliyobaki ni kurudia majaribio ya zamani, tujue kama kuna tasa tuliyoiruka. Haina shangwe, ila bila hiyo orodha yetu ni ya kukisia. Waalikeni watu kwa hilo, si kwa bahati nasibu.