Kupasha Habari, Kupasha Moto

"Mama, utasikia baridi kidogo."

Aliyewahi kulala chali katika chumba cha altrasaundi, kanga imeshushwa chini ya kitovu, anaijua sentensi hii. Huja sekunde moja kabla jeli haijadondoka tumboni. Tumezoea kupima mashairi na riwaya kwa fani na maudhui. Naomba niipime na hii, kwa kuwa ni utungo uliokamilika, na kwa kuwa msikilizaji wake hana pa kukimbilia.

Tuanze na nafsi. U- ni wewe mgonjwa, ndiye kiima. Aliyeshika chupa hayumo. Hakuna ni- ya kusema "nitakumwagia". Baridi inakuja yenyewe, kama manyunyu ya asubuhi, haina mwenyewe. Kisha -ta-, wakati ujao usiojadiliwa: jambo limekwisha kuamuliwa, umebaki kulingoja tu. Mwishoni linakaa kidogo, neno la kubembeleza, kipimo kilichotolewa na mtu ambaye hakionji.

Kitenzi ndicho kinachonivutia zaidi. Kiswahili hakisumbuki na mipaka ya milango ya fahamu. Tunaona haya, tunasikia harufu, njaa tunaiona na kuisikia. Baridi nayo vivyo hivyo. Nesi angeweza kusema "utaona baridi", lakini mara nyingi huchagua masikio, na amechagua vyema, maana mgonjwa husikia mara mbili: kwanza neno, halafu jeli. La kwanza limetangulizwa ili la pili lisimshtue, tumbo lisikakamae, mtoto aonekane.

Basi sentensi inafanya kazi. Lakini tazama kazi hiyo tunaiitaje: kumpasha mtu habari. Pata, pasha. Kitenzi hichohicho ndicho tunachotumia kwa kiporo, na kwa maji ya kumkanda mzazi. Mbele ya chupa ya jeli iliyolala chini ya kiyoyozi, nesi ana vitu viwili vya kupasha, habari au moto. Habari haihitaji umeme wala dakika za kusubiri, na foleni kule nje ni ndefu. Simlaumu. Nasema tu kwamba katika sentensi ile moto umeondolewa, na habari ndiyo iliyowekwa mahali pake.

Vifaa vyenyewe navyo vina fani. Zamani daktari aliweka sikio lake moja kwa moja kifuani mwa mgonjwa, na kusikiliza kulikuwa na joto la shavu. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker jijini Paris, daktari René Laennec aliona haya kufanya hivyo kwa mwanamke kijana, akakunja karatasi zikawa bomba, stetoskopu ya kwanza. Baadaye akachonga la mti. Mti ni mpole kwa ngozi. Chuma kisichoshika kutu hupitisha joto takriban mara mia kuliko mti, kwa hiyo hata vikiwa vimelala meza moja na vina jotoridi moja, chuma ndicho kitakachokunyang'anya joto lako na kuitwa baridi. Stetoskopu ilipopata kichwa cha chuma, ikapata na ubaridi wake. Lakini itazame kwa karibu: nyingi za leo zina pete nyembamba ya mpira inayozunguka ukingo wa kichwa. Inasaidia pia kuziba sauti isivuje, ila watengenezaji wenyewe huiita pete ya kuzuia baridi. Mirija na vya kuchomeka masikioni vimetungwa kwa ajili ya anayesikiliza. Pete ndiyo mshororo pekee uliotungwa kwa ajili ya anayesikilizwa.

Spekulamu, kile kifaa chenye midomo kama ya bata kinachotumika kukagua njia ya uzazi, haina mshororo huo. Historia yake haikuuhitaji. Miaka ya 1840, mjini Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims alikunja mpini wa kijiko akapata kifaa chake, akawapasua tena na tena wanawake watumwa, wakiwamo Anarcha, Betsey na Lucy, bila dawa ya usingizi. Kifaa kilichojaribiwa kwa watu wasioulizwa kingewekewa pete ya nini?

Pale ambapo fani imekosa pete, mkono wa mhudumu huiongeza. Mkunga stadi hupitisha chuma kwenye maji ya vuguvugu, na maji hayo yanasaidia pia kulainisha, kisha hukigusisha kwanza ndani ya paja na kuuliza: "Baridi?" Hapo sarufi yote inageuka. Neno ni lilelile, lakini -ta- imeondoka, kidogo kimeondoka, na kipimo kimerudishwa kwa mwenye ngozi. Sijui uhakiki mwingine wa alama ya kuuliza ulio mzito kuliko huo.

Na mwenye ngozi hupima vizuri. Robert Bárány, daktari wa masikio wa Vienna, alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji, wakapata kizunguzungu. Mmoja akamwambia kwamba hupatwa nacho maji yasipokuwa na moto wa kutosha. Bárány angeweza kumwambia avumilie kidogo. Badala yake alijaribu maji ya moto, akaona macho yanachezacheza kuelekea upande wa pili. Akatambua kwamba ni jotoridi linalosukuma majimaji ya sikio la ndani. Kazi yake juu ya sikio hilo ilimpa Tuzo ya Nobel ya 1914. Kipimo kilichotokana na malalamiko yale kimezoeleka kufanywa kwa maji ya nyuzi 30 na 44, yaani saba chini na saba juu ya joto la mwili. Nyuzi saba tu, na chumba kinazunguka. Hiyo ndiyo "kidogo" ikipimwa.

Nisimwonee nesi, hata hivyo. Kuna mahali moto hauruhusiwi kupashwa ovyo. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Damu haitumbukizwi kwenye beseni la maji moto, chembe zake hupasuka. Kuipasha kunahitaji mashine yake maalumu. Hata jeli ikiachwa kwenye joto siku nyingi huwapa bakteria nafasi ya kuzaana. Hapo "utasikia baridi kidogo" inakuwa kauli ya kweli ya mtu aliyefikiria, na inastahili kusemwa polepole.

Mahali sentensi ile isipofaa kabisa ni chumba cha upasuaji. Dawa ya usingizi hulegeza mishipa na joto la mwili hushuka. Likienda chini ya nyuzi 36, damu huganda kwa shida na kidonda hupata maambukizi kwa urahisi zaidi. Mwongozo wa Uingereza wa 2008 unataka maji ya dripu ya mililita 500 au zaidi yafikishwe nyuzi 37 kwanza. Aliyelala pale hawezi kupashwa habari. Ukiuleta mwongozo ule katika Kiswahili, u- haina wa kumtaja na -ta- haina kazi. Kinabaki kitenzi kimoja, na kiima chake ni maji: yapashwe.