Pongezi kwa Kocha wa Makipa
Songea wanaujua mpira. Uwanja wao wa Majimaji umeona mengi. Kwa wanachuo wa ualimu pale Matogoro, chini ya milima unakoanzia mto Ruvuma, ambao kesho watakabidhiwa timu za shule, namtaja mtu mmoja: Juma Pondamali.

Alikuwa miongoni mwa makipa wa Taifa Stars kwenye fainali za Afrika za 1980, Nigeria. Alipotundika glovu hakuuacha mpira. Miaka mingi baadaye alikuwa akiwanoa makipa wa Yanga.

Kazi yenyewe haina makofi. Kocha wa makipa yuko pembeni na vijana wawili watatu. Anapiga mpira wa chini, kipa anaanguka ubavu, mkono mmoja nyuma ya mpira, mwingine juu yake. Anainuka, wanarudia mpaka jezi inashika udongo. Na tangu 1992, sheria ilipomkataza kipa kudaka pasi ya mguu ya mwenzake, lazima kocha afundishe na matumizi ya miguu, somo ambalo kizazi cha Pondamali hakikulihitaji. Kwa hilo nawavulia kofia makocha hawa.

Walimu wa Matogoro, mkifika vituoni, tafuteni mtu wa kukaa na kipa.